Chora Kabla Hujakata

Fundi cherehani hashiki mkasi kabla ya chaki. Hata aliyezeekea kwenye kazi, akishatandika kitambaa cha mteja mezani, atapima, atachora, atarudi nyuma hatua moja atazame, ndipo akate. Kitambaa kikishakatwa hakirudi. Lakini fundi huyo huyo akiamka na kazi ishirini kichwani, siku yake huikata bila chaki. Anashika lililo karibu na mkono, simu ikiita analiacha, mteja akisimama mlangoni anashika la mteja, na magharibi ikiingia kitambaa cha siku kimekwisha na gauni halipo.

Nayasema haya kwa sababu ya jirani yangu mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga. Zilikuwa zimebaki siku kumi Idi ifike, nami nilikwenda kibandani kwake kuulizia suruali yangu, ambayo nilikwisha ambiwa "njoo kesho" mara tatu. Badala ya suruali akanipa daftari.

"Kaka, wewe unayependa kuandika andika, hebu nitazamie hapa. Nianze na lipi?"

Nikahesabu. Mambo 23, kila moja na mstari wake, yameandikwa kwa mkono mzuri. Kanzu 12 za watoto wa madrasa. Magauni 9 ya Idi. Sare 5 za shule. Marejesho ya kikoba Jumamosi. Zipu nyeusi. Mama kliniki. LUKU. Mashine ya ovaloki imekufa, na hiyo ilikuwa namba 17, kati ya "uzi wa maziwa" na "ada, nusu ya pili". Suruali yangu ilikuwa ya 21.

Orodha si kitu kibaya. Inaokoa kichwa kisibebe kila kitu, na kichwa kweli hakibebi vingi. Mtafiti Nelson Cowan alionyesha mwaka 2001 kwamba mambo tunayoweza kuyashikilia akilini kwa wakati mmoja, tukiyafanyia kazi, ni kama manne tu. Kwa hiyo kuandika ni lazima. Tatizo ni kwamba orodha huvisha kila kazi shati la saizi moja. Kanzu 12 zina mstari mmoja na zipu nyeusi ina mstari mmoja. Tena orodha hufuata mpangilio wa kukumbuka: kilichokujia kwanza kinakaa juu, na kilichokuja usiku unapotaka kulala kinakaa chini, hata kama ndicho kinachokunyima usingizi. Tena haionyeshi nani amemshika nani mkono. Ukiitazama hudhani kwamba namba 17 ina uhusiano wowote na namba 4.

Nikamwomba karatasi. Akanipa kipande cha karatasi ya khaki anayokatia patani, kipana kama mlango wa kabati, na chaki. Hivyo ndivyo tulivyochora ramani yake ya mawazo, kwa vifaa vya kazi yake mwenyewe.

Jina hilo, kwa wasiolijua, ni la mchoro ambao jambo kuu hukaa katikati ya ukurasa, na yanayohusiana nalo hutoka pembeni kama matawi, kila tawi likizaa vijitawi. Aliyelitangaza duniani ni Mwingereza Tony Buzan, aliyezaliwa 1942 na kufariki 2019. Mwaka 1974 alikuwa na kipindi katika televisheni ya BBC na kitabu cha jina hilo hilo, *Use Your Head*, na tangu hapo akatunga kanuni zake: karatasi ilazwe kwa upana, katikati pawe na picha, kila tawi liwe na neno moja, mistari ipinde, rangi ziwe nyingi. Michoro ya mti ya kupanga elimu ni mikongwe kuliko Buzan. Wasomi wa zamani walichora mti wa maana kwa kufuata mafundisho ya Porphyry, mwanafalsafa wa karne ya 3. Na sisi wenyewe, bila kujua, tumeuweka mti ndani ya lugha: shajara, tunayoiita kitabu cha kumbukumbu za kila siku, kwa Kiarabu ni mti.

Buzan alidai mengi. Alisema mchoro wake unaiamsha akili nzima, upande wa kulia na wa kushoto. Hapo nashauri umsikilize kwa sikio moja. Ule mgawanyo wa ubongo wa "kulia kwa sanaa, kushoto kwa hesabu" uliokuwa maarufu zama zake umerahisishwa mno. Utafiti mmoja wa mwaka 2002 kwa wanafunzi wa udaktari ulikuta kwamba waliotumia ramani hizi walikumbuka zaidi baada ya wiki, ila si kwa kiasi kikubwa, na hamasa yao ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao waliojichagulia njia ya kusoma. Mimi siitumii ili nikumbuke. Naitumia ili nione. Na kanuni ya rangi nimeiacha kabisa, sababu nitaieleza mbele.

Tukarudi kwenye karatasi ya khaki. Kosa la kwanza la watu wengi liko katikati kabisa: wanaandika "KAZI" au "MAISHA YANGU" au "BIASHARA", wakazungushia duara. Kitovu cha namna hiyo kinakaribisha kila kitu, na ramani inageuka orodha iliyovaa nguo za mviringo. Weka katikati swali lenye muda. Jirani yangu alitaka kuandika "IDI". Nikamuuliza, Idi ipi? Maana kwa fundi, Idi haina tarehe. Mwezi ukiandama usiku wa kuamkia thelathini, Ramadhani imekwisha siku 29 na kesho ni sikukuu. Usipoandama, mna siku moja zaidi. Isitoshe, katika wateja wake wako wanaongoja tangazo la Mufti, na wako wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani, ambao huenda wakasali siku moja kabla ya majirani zao. Fundi anayepanga kwa siku 30 anacheza kamari na nguo za watu. Kwa hiyo akaandika katikati: "Nini kiwe kimetundikwa, kimepigwa pasi, kabla ya usiku wa ishirini na tisa?" Swali refu, lakini lilifanya kazi yake papo hapo. Sare 5 za shule, ambazo mzazi aliyeziagiza alikuwa akizipigia simu kila siku kwa ukali, zilikosa pa kukaa: shule zilikuwa zinafunguliwa wiki moja baada ya Idi. Makelele yake yalizifanya zionekane za leo.

Matawi akayatoa mwenyewe. Nguo, Mashine, Fedha, Watu, Nyumbani. Sikumchagulia, nawe usikubali mtu akuchagulie. Mwalimu atakuwa na matawi mengine, dereva wa bodaboda mengine, mwenyekiti wa kamati ya harusi mengine. Lakini nitakushauri jambo moja: pawe na tawi la Watu hata kama unadhani kazi yako haina watu. Sehemu kubwa ya kazi zilizokwama zimekwama kwa mtu. Kuna asiyepigiwa simu, asiyejibiwa, asiyedaiwa, asiyeambiwa hapana. Kwenye orodha, mambo hayo hayaandikwi kwa sababu hayaonekani kuwa kazi. Tunayaita "nitamwambia tu".

Halafu chora upesi. Dakika kumi na tano zinatosha. Usifikirie kama jambo ni kubwa au dogo, wala liko kwenye tawi sahihi au la. Likija, litupie kwenye tawi lililo karibu. Ukikwama, uliza: nani hayupo hapa? Nilipomuuliza hivyo, alinyamaza kidogo, akainama, akaandika kwa herufi ndogo pembeni kabisa, kwenye tawi la Nyumbani: "nguo za wanangu". Katika yale mambo 23 hazikuwamo. Fundi mwenye watoto watatu anashonea mtaa mzima nguo za Idi, na wake hawamo hata kwenye daftari.

Sasa tunafika mahali ambapo ushauri mwingi unaoandikwa juu ya ramani hizi huishia, na ndipo kazi yenyewe inapoanza. Utaambiwa: ukishachora, tia namba kwenye matawi kwa umuhimu, moja mpaka tano. Nimejaribu. Namba hizo ni za uongo, kwa sababu ukiulizwa kipi muhimu utasema vyote, na utasema kweli. Mama kwenda kliniki ni muhimu, marejesho ni muhimu, kanzu za madrasa ni muhimu.

Wengine watakupa kipimo cha haraka na umuhimu. Rais Eisenhower wa Marekani alikizungumzia katika hotuba ya mwaka 1954, akimtaja mkuu mmoja wa zamani wa chuo kuwa ndiye aliyesema. Stephen Covey akakifanya kiwe maarufu katika kitabu chake cha 1989: visanduku vinne, cha haraka na muhimu, cha muhimu bila haraka, na kadhalika. Ni kipimo kizuri kwa mtu mwenye katibu na dereva, ambaye anaweza kumkabidhi mwingine kilicho cha haraka na si muhimu. Kwa fundi wa Ngamiani, anayefanya kazi na binti mmoja anayejifunza, karibu kila kitu kinaangukia kwenye sanduku la kwanza, na sanduku lililojaa halipangi chochote.

Mimi naongeza swali la tatu, na ndilo lililonifanya niipende ramani kuliko orodha: kipi kinafungua vingine? Chukua chaki, na kwa kila kijitawi jiulize, hiki kinangoja nini? Ukipata jibu, vuta mstari kutoka kwenye kinachongoja mpaka kwenye kinachongojwa, hata kama uko upande wa pili wa karatasi, hata kama utakatiza matawi mengine. Usiogope uchafu. Mistari hiyo inayokatiza ndiyo uliyokuja kuitafuta.

Tulianza na marejesho ya kikoba. Yanangoja nini? Fedha. Fedha ipi? Salio la kanzu za madrasa, maana ustadhi alikuwa ametoa kianzio cha nusu na nusu ingetoka siku ya kukabidhi. Mstari, kutoka Fedha mpaka Nguo. Kanzu zinangoja nini? Kitambaa kipo, vipimo vipo. Zinangoja ovaloki, kwa sababu bila ovaloki kingo za ndani zinachanika baada ya kufuliwa mara mbili, na kupeleka kila kanzu kwa fundi mwingine ni kulipa na kupanga foleni mara 12. Mstari, kutoka Nguo mpaka Mashine. Na magauni? Ovaloki. Ada, nusu ya pili? Inangoja fedha za magauni, ambayo yanangoja ovaloki. Tulipomaliza, namba 17 ilikuwa imezungukwa na mistari kama mkeka uliofumuka, yote ikielekea kwake. Siku nne alikuwa ameipita ile mashine iliyofunikwa kanga pale pembeni akisema "nitaiangalia nikipata nafasi".

Tukaendelea. Ovaloki inangoja nini? Kipuri, kinachopatikana Dar es Salaam, ambacho muuzaji angekipakia kwenye basi akishalipwa. Kilikuwa cha Sh35,000 pamoja na nauli ya kifurushi. Kipuri kinangoja nini? Fedha, na fedha haikuwapo. Hapo jirani yangu akacheka cheko la kukata tamaa, kwamba si unaona, tumezunguka tumerudi palepale.

Nikamwonyesha ukutani. Kulikuwa na magauni mawili yaliyokwisha, yamepigwa pasi, yananing'inia tangu wiki iliyopita. Wenyewe hawajaja.

"Hawa mmeshawaambia?"

"Si wanajua."

Kazi ya kwanza ya siku ile ilikuwa kupiga simu mbili. Dakika tano. Haikuwamo katika mambo 23, na hata kwenye ramani iliingia mwishoni, kama kijitawi chembamba kwenye tawi la Watu. Simu mbili zikaleta salio la magauni mawili, salio likalipia kipuri, kipuri kikapanda basi. Mteja mmoja alikuja kabla ya adhuhuri, mwingine akatuma fedha kwa simu.

Ndiyo maana sisemi panga kwa ukubwa. Kilicho kikubwa utakiona bila kuchora. Unachochora kukitafuta ni kile kidogo kilichoshika mlango. Kwa kawaida hakina sifa ya kazi: ni simu, ni sahihi ya mtu, ni nakala ya kitambulisho, ni kuuliza bei. Kwa mzazi wa Januari huenda ni barua moja ya kuomba kulipa ada kwa awamu, ambayo ingemtoa kwenye mikopo mitatu. Kwa mkulima huenda ni kumtafuta mwenye trekta kabla mvua haijawafanya wote wamtafute. Utakitambua kwa idadi ya mistari inayokijia, na kwa kuwa wewe mwenyewe umekuwa ukikiahirisha, maana mambo ya namna hii mara nyingi yana chembe ya aibu ndani yake. Kudai ni aibu, kuomba ni aibu, kukiri kwamba mashine imekufa na umepokea nguo za watu ni aibu zaidi.

Kuna alama nyingine ndogo ninayoitia kwenye ramani, nayo ni kwa yale yenye kungoja ndani yake. Mimi huchora jicho. Wewe chora utakacho. Kifurushi kinachosafiri, gundi inayokauka, ofisi inayosema rudi baada ya siku tatu, unga unaoumuka. Mambo haya yanajifanya yenyewe wakati wewe unafanya mengine, mradi uyaanzishe. Mpishi wa shughuli anajua: maharage yanabandikwa kabla vitunguu havijamenywa. Kwenye maandishi tunalisahau hilo, tunaanza na tunachokipenda. Kipuri kilipokuwa njiani siku ile, jirani yangu alikata kanzu zote 12 kwa mkupuo, akizipanga kwa vimo, kwa sababu kukata hakuhitaji ovaloki. Binti akapewa vifungo na pindo za mkono.

Baada ya mistari, hesabu. Hapa ramani haina msaada na usiiombe. Inakuonyesha nani anamngoja nani, haikuonyeshi siku ina saa ngapi. Alisema kanzu moja ya mtoto inamchukua saa 2 na gauni saa 4. Kanzu 12 ni saa 24, magauni 9 ni saa 36, jumla 60. Kwa mwezi wa mfungo, ukiondoa mchana unapolegea, futari na tarawehe, alikuwa na kama saa 7 za kushona kwa siku. Siku kumi, saa 70. Akafurahi: zinatosha na kubaki.

Hazitoshi. Hakuna kazi inayotumia muda tunaousema. Mwaka 1994 Buehler, Griffin na Ross walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo kikuu walikisia wangemaliza tasnifu zao kwa wastani wa siku 33.9, walimaliza kwa siku 55.5. Na hao walikuwa wakikisia kazi yao wenyewe. Kwa fundi, kuna umeme unaokatika, mteja aliyenenepa tangu apimwe, uzi unaoisha saa tano usiku. Ninachofanya ni kuongeza nusu. Sitetei kanuni hiyo kwa sayansi, naitetea kwa aibu nilizokwisha kuzipata. Saa 60 zikawa 90, na siku zilikuwa zina 70.

Hapo mkasi ukaingia. Kupanga vipaumbele bila kukata kitu ni kujidanganya. Umebadilisha mpangilio wa foleni, hukuipunguza. Sare tano zilisogezwa baada ya Idi, na mzazi akapigiwa simu kuambiwa hivyo siku hiyo hiyo. Alifoka, kisha akauliza siku gani. Magauni matatu yalipelekwa kwa fundi mwenzake wa barabara ya pili, wakagawana fedha. Hayo peke yake yalipunguza saa 18. Saa mbili zilizobaki juu zilibebwa na vidole vya binti. Kliniki ya mama ikahamia kwa kaka yake, ambaye alisema angekuwa amekubali tangu zamani kama angeulizwa. Na suruali yangu ikafutwa pale pale, kwa idhini yangu, shingo upande.

Namna ya kukata ina adabu yake. Mtu akiambiwa "haitawezekana" siku kumi kabla, anakasirika na kutafuta fundi mwingine. Akiambiwa usiku wa kuandama, amedhulumiwa. Kwa hiyo kila unachokiondoa kwenye ramani kiache simu moja kwenye tawi la Watu, na simu hiyo ipigwe kabla ya kazi nyingine yoyote ya siku. Sifa yetu ya "njoo kesho" haitoki kwenye uvivu. Inatoka kwenye kuogopa kusema "siwezi" leo.

Nimeahidi kueleza juu ya rangi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kazi tatu za kuandika zilizogongana, nikasema nitafanya mambo kitaalamu. Nikanunua kalamu za rangi nne, nikachora ramani nzuri ajabu, yenye picha ya mnara wa taa katikati na matawi yaliyopinda kama mwitu wa mikoko. Nikaibandika ukutani. Wageni waliisifu. Kwa wiki nzima kila asubuhi niliitazama, nikaongeza kijitawi, nikakoleza rangi, na sikuandika ukurasa hata mmoja. Ramani nzuri ni mahali pazuri pa kujificha. Tangu hapo nachora kwa penseli au chaki, kwenye karatasi isiyo na thamani, mgongo wa kalenda ya mwaka jana au boksi lililopasuliwa, ili nisione uchungu kuichafua. Programu za simu na kompyuta zipo, XMind na FreeMind kwa mfano, na kwa kazi ya watu wengi waliotawanyika zina faida yake. Lakini kioo cha simu ni kidogo, na ukivuta karibu ili usome tawi moja, unapoteza picha nzima uliyochorea.

Tena ramani haifanyiwi kazi moja kwa moja. Ukishaona fundo na ukishakata, toa mambo matatu tu, yaandike kwenye kikaratasi cha kuingia mfukoni, kisha igeuze ramani iangalie ukuta. Matatu hayo yaandikwe kama vitendo vyenye saa na mahali: si "ovaloki", bali "saa tatu, kumlipa muuzaji wa kipuri". Si mapambo ya lugha. Masicampo na Baumeister, mwaka 2011, walionyesha kwamba jambo lisilokwisha linaloingilia akili hutulia mtu akishaliwekea mpango mahususi, hata kabla hajalifanya. Nililishuhudia kwa jirani yangu. Alipoandika lini angepiga simu na kwa nani, mabega yalishuka, na ilikuwa bado hajagusa cherehani.

Kesho yake asubuhi unaigeuza tena, unafuta yaliyokwisha, unaangalia kama fundo limehama. Litahama. Siku ya tatu ovaloki ilikuwa inaimba na fundo jipya likawa pasi, ambayo waya wake ulikuwa umeungua. Usichore upya kila siku. Ni kupoteza muda. Chora upya pale kitovu kinapobadilika, yaani swali la katikati likishajibiwa au likishakosa maana. Na kama una mambo matano au sita tu, au kama kazi yako inafuata hatua moja baada ya nyingine kama kupika ugali, achana na ramani. Orodha inakutosha.

Usiku wa ishirini na tisa nilipita kibandani nikitoka kusali isha. Redio ilikuwa juu ya kabati, watu wawili watatu wamesimama mlangoni wanangoja tangazo. Ukutani palibaki kanzu moja tu, ya mtoto ambaye baba yake alikuwa anatoka Muheza. Tangazo likaja kwamba mwezi haukuonekana. Wengine wakaguna, wengine wakacheka, wakaondoka kulala.

Jirani yangu alivuta kitambaa cha bluu kutoka chini ya meza, chenye maua madogo meupe, akakitandika. Akatafuta karatasi ya patani, hakuipata. Akaitoa ile ramani nyuma ya mlango, akaipangusa chaki kwa kiganja, akaigeuza, akamwita binti yake mdogo aje apimwe.